Kikao cha jirani, cha Arusha au cha kwenye simu: pa kuachia pombe ukiwa Moshi

Kila baada ya wiki mbili tatu napigiwa simu na mtu nisiyemjua. Namba yangu kapewa na mtu tunayekutana naye vikaoni. Huanza kwa kukohoa, kisha anasema: "Samahani kaka, nina mdogo wangu ana tatizo la pombe, nasikia nyie mna kikundi." Simuulizi huyo mdogo ni nani. Nauliza anakaa wapi, anafanya kazi gani, na kiu inampanda saa ngapi. Tukifika swali la tatu mdogo mtu husahaulika. "Saa kumi na moja jioni, nikishafunga duka," akanijibu mmoja wa mwezi wa saba.

Kwa majibu hayo matatu naweza kumwelekeza. Nikiambiwa tu "nataka kikundi kizuri" sina la kusema, kwa sababu kilichonisaidia mimi kinaweza kukufaa kama viatu vya mtu mwingine.

Niliacha pombe mwaka 2019. Nilikuwa dereva wa watalii: nyumbani Moshi, ofisi Arusha, kazi yenyewe Serengeti. Kwa mzunguko huo nimekaa karibu kila aina ya kikao kama zamani nilivyokaa kila aina ya baa. Nimekaa vikao vya AA (umoja wa wenye tatizo la pombe wanaosaidiana kuacha) Arusha, kikundi cha watu watano Moshi, kundi la maombi, kliniki ya hospitali, na vikao vya kwenye simu nikiwa nimeegesha gari Karatu. Nyumba ya upataji nafuu, yaani "sober house" ambako mtu anahamia kukaa ili aache, sikukaa mimi. Alikaa binamu yangu, nami ndiye niliyekuwa nikimpelekea sabuni na sukari. Nitavilinganisha kwa maswali ninayoulizwa kwenye simu.

Asubuhi mikono inatetemeka?

Hili linatangulia mengine yote. Kama huwezi kushika kikombe cha chai mpaka uzimue kwanza, usianze na kikao cha aina yoyote. Anza na hospitali.

Watu wanadhani kuacha ghafla ni uanaume. Mwili uliozoea pombe kali kila siku ukinyimwa kwa ghafla unaweza kuanguka kifafa, mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 tangu funda la mwisho. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huanza kuweweseka, wanaona vitu visivyokuwepo, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, homa inapanda. Hali hiyo inaua. Vijana wa mtaani wanaogopa arosto, yaani mateso ya kuacha, ya heroini, lakini ya pombe ndiyo yenye hatari zaidi ya kukutoa roho. Hospitalini wana dawa za kutuliza wanazozipunguza siku hadi siku, na wanakupa vitamini B1 kuukinga ubongo. Kikao hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kina chai na watu.

Moshi kuna hospitali za KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. Ulizia huduma za afya ya akili. Najua neno hilo linavyotisha. Mimi nilizunguka jengo mara mbili nikijifanya natafuta maabara.

Kama hujui tatizo lako limefika wapi, kuna dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani linaloitwa AUDIT, na tafsiri yake ya Kiswahili ilifanyiwa utafiti hapahapa KCMC. Alama 8 na kuendelea ni ishara kwamba unywaji wako umeshakuwa wa hatari. Nilipata 27, nikamwambia nesi kwamba baadhi ya maswali sikuyaelewa vizuri. Hospitali hiyo ndiko pia kulikofanyiwa utafiti mpango wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo nesi wa idara ya dharura anakaa na majeruhi na kuzungumza naye kwa muda mfupi kuhusu pombe, mtu bado ana plasta usoni. Wakati mwingine hapo ndipo sikio la mtu linapofunguka.

Kwa hiyo kliniki inashinda vyote kwenye mambo ya mwili. Udhaifu wake ni kwamba ina saa za kazi, na daktari mmoja ana foleni ya watu arobaini. Mimi nilipewa dakika kumi na tano na tarehe ya kurudi. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna jioni nyingi.

Nani ataniona?

Moshi ni mji ambao ukinunua mkungu wa ndizi Mbuyuni, shangazi yako wa Kibosho anajua kabla hazijaiva. Kwa hiyo swali hili silidharau, hata kama huwa nawakumbusha wapigaji kwamba mtaa mzima umeshawaona wakilala mferejini. Kinachowatia aibu ni kuonekana wakijaribu kuamka.

AA, yaani Alcoholics Anonymous, wamelijengea swali hili utaratibu. Neno lenyewe la pili katika jina linamaanisha wasiojulikana majina. Unataja jina moja tu, hata la utani. Hakuna daftari la mahudhurio. Mnayosikia humo yanabaki humo. Kuna vikao vya wazi, ambavyo hata mke, mwanafunzi wa udaktari au mdadisi anaweza kuingia, na kuna vilivyofungwa, vya wenye tatizo peke yao. Ukiwa mgeni na unaogopa macho, uliza kwanza ni kikao cha aina gani.

Kundi la maombi halina ukuta huo. Nilikwenda kwenye moja, silitaji, watu wenye upendo wa kweli. Nikafunguka usiku wa Jumatano. Jumapili mama mdogo akanipigia kutoka Machame kunipa pole na kuniambia wananiombea mpaka huko. Hakuna aliyenisengenya, jina langu lilipitishwa kama hitaji la maombi, likateremka na kupanda mlima kwa njia hiyo. Nililewa wiki nzima kwa hasira. Baadaye nilielewa kwamba kwenye kundi la aina hiyo habari za mtu ni za jumuiya nzima, na wapo watu ambao hilo ndilo linalowaponya: wanataka kijiji chote kijue ili baa zote zijifunge zenyewe. Jipime uko upande gani kabla hujafungua mdomo.

Arusha kwa mtu wa Moshi ni pazuri kwa kujificha. Ni kilomita 80 hivi, na usoni mwa watu humo ndani humwoni mwalimu wa mwanao. Miezi yangu sita ya kwanza nilikwenda huko tu. Tatizo ni kurudi. Kikao kikiisha jioni unarudi na Coaster kupitia Tengeru, Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe, saa ileile muziki unaanza na nyama inageuzwa. Gari ikisimama kushusha abiria, harufu inaingia dirishani. Wakati huo moyo umetoka kufunguliwa kikaoni, uko mwepesi kama wa mtoto. Mara mbili nilishuka kabla ya kufika nyumbani. Ukichagua cha mbali, rudi na mtu, au panga kikao cha mchana.

Kile kikundi cha watu watano cha Moshi kilinitisha mwanzo kwa sababu wawili kati yao nilikuwa nawajua. Mmoja tulishawahi kupigana. Lakini tulipokaa nikagundua kwamba yeye naye amenishikia siri kama nilivyomshikia yake, na tangu hapo tumesalimiana barabarani kama watu waliowahi kufanya biashara pamoja, bila kueleza ni biashara gani.

Kwenye simu unaficha sura unavyotaka. Kamera unazima, jina unaandika lolote. Ila wapangaji wenzangu mnajua nyumba zetu: ukuta haufiki juu, dari hakuna, ukikohoa jirani anakwambia pole. Kuna dada mmoja huhudhuria akiwa kwenye bajaji ya mumewe iliyoegeshwa uani. Mimi nilikaa garini. Tafuta pako kwanza kabla hujapakua programu.

Ndani wanasema nini?

AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, wakati Bill Wilson, mtu wa soko la hisa aliyekuwa ameacha miezi michache, alipokuwa akipambana na hamu ya kurudia, akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akampata daktari wa upasuaji, Bob Smith. Funda la mwisho la huyo daktari, tarehe 10 Juni 1935, ndilo wanalolihesabu kuwa mwanzo. Naitaja historia hii kwa sababu ndiyo inayoeleza kikao kilivyo mpaka leo: mlevi anazungumza na mlevi, na anayezungumza ndiye anayejitibu. Hakuna mtaalamu mbele. Ukitegemea kupewa somo utaondoka unalalamika.

Kinachukua kama saa moja. Kinafunguliwa kwa maneno yanayosomwa, mara nyingi na ile sala fupi ya kuomba utulivu wa kukubali usiyoweza kuyabadili, ujasiri wa kubadili unayoweza, na hekima ya kuyatofautisha. Kisha mmojammoja anasema. Hakuna anayekujibu, hakuna anayekushauri wala kukukatiza. Kwa sisi tuliolelewa kwenye vikao vya ukoo, ambapo ukisema jambo wazee saba wanalirudia kwa zamu, ukimya ule unashtua. Siku ya kwanza nilidhani nimewaudhi.

Kuna Hatua 12 za kupitia polepole, zikiwemo kumkiria mtu mwingine uliyoyatenda na kwenda kuwarekebishia uliowaumiza. Kuna sponsa, yaani aliyekutangulia, ambaye unampigia kabla hujanywa, siyo baada. Ukianguka unarudi, unasema, unaanza kuhesabu upya siku ya kwanza, na mtu anakumiminia chai. Hesabu ni ya leo tu.

Neno lililonikwama ni "mlevi". Kwenye vikao vya Kiingereza watu hujitambulisha kwa neno linalosikika kama la hospitali. Kwa Kiswahili "mimi ni mlevi" ni tusi ulilorushiwa na watoto wa mtaani, unajirushia mwenyewe mbele za watu. Arusha kuna waliolitamka kwa Kiingereza ili lisiume. Kikundi chetu cha Moshi kilikubaliana kila mtu achague: wengine "nina uraibu wa pombe", wengine "pombe imenishinda". Mzee wetu mmoja, ambaye tunamwita Meku, alikataa ulaini wote huo: "Mimi ni mlevi, mbe. Nililijua jina hilo kabla yenu." Sheria ya AA ina sharti moja tu la uanachama, hamu ya kuacha kunywa, kwa hiyo neno lisikuzuie mlangoni.

Sasa upande wa kanisani. Wana kitu ambacho AA hawana: wanakufuata. Usipoonekana Jumatano, Alhamisi wako mlangoni na kilo ya sukari, wanazungumza na mke, wanamlipia mtoto daftari. AA hawatakufuata, ukipotea umepotea mpaka utakaporudi kwa miguu yako. Lakini kwenye makundi mengi ya maombi kuanguka ni dhambi, na dhambi ina aibu yake. Tena kuna haraka ya ushuhuda. Nimemwona kijana amesimamishwa mbele ya watu mia tatu akiwa na wiki tatu tu bila pombe, akapigiwa vigelegele. Alipoanguka mwezi uliofuata hakuwa na njia ya kurudi katika mlango uleule. Ukipenda kundi la maombi, nenda, ila kataa kipaza sauti kwa mwaka mmoja.

Je, AA ni dini? Wanataja Mungu, kisha wanaongeza "kadiri tunavyomwelewa". Baadhi ya vikao vya huku vinafunga kwa Baba Yetu kwa mazoea tu. Rafiki yangu wa Majengo, Muislamu, hukaa kimya wakati huo kisha anaendelea na chai. Yeye ananiambia aibu yake ilikuwa maradufu, maana kwao hata kukiri kwamba unakunywa ni habari kubwa kuliko kuacha. Kwa asiyetaka habari za Mungu kabisa, kuna mpango wa SMART Recovery, ulioanzishwa mwaka 1994, unaofuata mbinu za kisaikolojia za kuchunguza fikra na tabia. Utaupata kwa intaneti, kwa Kiingereza.

Wapo wanaouliza kama kuna ushahidi au ni maneno ya watu kunywa chai. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Programu za kumwingiza mtu AA kwa utaratibu maalumu zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine za mazungumzo katika kuwafanya watu wakae bila pombe kabisa, na katika vipimo vingine hazikuwa nyuma. Angalia hayo maneno "kwa utaratibu": mtu aliyeshikwa mkono akapelekwa. Kutupiwa anwani tu ni jambo jingine.

Wanaijua mbege?

Hapa ndipo kikao cha jirani kinapovishinda vyote, na sijaona watu wakilifikiria wanapochagua.

Kwenye kikao cha simu nilieleza kwamba Desemba nakwenda nyumbani na ninaogopa. Mzungu mmoja, mtu mwema, alinishauri baadaye kwa ujumbe: usiende kwenye sherehe. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Mchaga usiende nyumbani Desemba! Nchi nzima inatutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa, halafu mimi nikose kwenye hesabu? Na kule mbege, pombe yetu ya ndizi, siyo kinywaji cha sherehe tu. Posa inataka mbege. Sulhu ya mpaka wa shamba inataka mbege. Wazee wakizungumza na waliolala chini, mbege ipo. Ukiikataa kata, yaani kibuyu cha kunywea, mbele ya wazee, unaweza kuonekana umekataa ukoo.

Watu wa kikao cha Arusha walinielewa nusu, maana humo kuna Wameru na Waarusha wenye mambo yanayofanana, na kuna wageni wasioelewa kabisa. Kile kikundi cha Moshi hakikuhitaji maelezo hata sentensi moja. Meku aliniuliza: "Baba yako mdogo yupi anakupenda?" Akanituma kwake wiki mbili kabla ya Krismasi, na sukari mkononi, nikamwambie ukweli peke yetu. Baba mdogo alisikiliza, akasema kata yangu ataipokea yeye. Siku ya siku ikafika zamu yangu, akanyosha mkono akasema kwa Kichaga kwamba huyu tumbo lake ni langu leo. Wazee wakacheka, kata ikapita. Imekuwa hivyo kila Desemba tangu hapo. (Baba mdogo analalamika kwamba nimemfanya yeye ndiye alewe.)

Ujuzi wa aina hii hauwezi kuandikwa Ohio. Vilevile watu wa kikundi cha jirani wanajua ni mangi yupi anauza gongo nyuma ya duka, ni njia ipi ya kwenda stendi isiyopita kilabuni, na kwamba tangu viroba vya plastiki vilipopigwa marufuku Machi 2017 watu walihamia kwenye chupa ndogo zinazoingia mfukoni vilevile.

Kiu inakupanda saa ngapi?

Ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza mtu, ningeuliza hili.

Vikao vya ana kwa ana huku kwetu ni vichache. Siyo Nairobi, ambako unaweza kuchagua mtaa na saa. Huku unaweza kukuta kikao kimoja au viwili kwa wiki, na vikianguka saa ambayo kiu yako imelala, unahudhuria ukiwa mzima na unalewa siku ambayo hakuna kikao. Kwa dereva wa watalii ni vibaya zaidi: kuanzia Juni hadi Oktoba niko porini, na masika, Aprili na Mei, nakaa bila kazi na mikono mitupu. Kikao cha Jumanne Arusha hakikunifaa msimu wa kazi, na masika nauli yenyewe ilikuwa tatizo.

Simu ndiyo iliyoziba pengo. Nikikosa usingizi saa 8 usiku, New York ni jioni, watu ndiyo wanaingia vikaoni. Siku haina saa ambayo hakuna kikao mahali fulani duniani. Nilichokizoea ni cha wenzetu wa Nairobi, saa zetu ni zilezile na Kiswahili kinaingia katikati ya Kiingereza bila kuomba ruhusa. Ukizima picha ukabaki na sauti, bando linakwenda taratibu. Ukishaingia hifadhini mtandao unakwenda na kurudi, basi nilijifunza kuingia kikaoni Karatu kabla ya kupanda geti.

Ila simu ina udanganyifu wake. Nimewahi kukaa kikaoni kwenye simu huku chupa iko mezani. Hakuna aliyejua. Ana kwa ana harufu ingenisaliti mlangoni, na Meku angenitoa nje kunipa maji. Kwa mtu wa siku 30 za kwanza, naona simu peke yake haitoshi. Kwa mtu wa mwaka wa pili anayesafiri, inatosha sana.

Shilingi

AA haina kiingilio wala ada. Kikapu hupita, anayeweza anatia, mgeni haombwi. Wanajitegemea kwa michango yao na hawapokei ya nje. Ukidaiwa pesa ya kujiandikisha "AA", hapo siyo AA. Gharama ni nauli, na kwa simu ni bando. Kliniki ina kadi na dawa. Kundi la maombi ni bure mpaka siku ya harambee. Nyumba ya upataji nafuu inalipiwa kwa mwezi, na hiyo ndiyo inayouza ng'ombe za watu.

Nyumba za upataji nafuu

Kwa kifupi: zinamfaa aliyejaribu nyumbani mara nyingi akashindwa, na ambaye kumtoa mtaani ndiyo dawa ya kwanza. Wakazi wengi ni wa dawa za kulevya, hivyo mtu wa mbege mwenye miaka 55 anaweza kujikuta na vijana wa heroini wenye umri wa wanawe. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ndiyo inayozisimamia. Omba uone usajili. Uliza arosto inasimamiwa na nani, kama mgonjwa anaweza kuzungumza na ndugu, na kama milango inafungwa kwa kufuli. Ukisikia habari za minyororo au fimbo, geuza gari. Na uliza atatoka aende wapi. Binamu yangu alikaa miezi minne, akatoka akiwa amenenepa, hakukuwa na kikao kinachomsubiri nje, siku ya tisa akaanguka.

Kama wewe ni mwanamke, au ni mke wa mnywaji

Mwanaume akiingia ukumbini anaonekana anajitibu. Mwanamke akiingia peke yake jioni kwenye chumba cha wanaume kumi, maneno yanaanza. Kwa hiyo akina dada wengi ninaowajua walianzia simu, kwenye vikao vya wanawake peke yao, kisha wakaja wawili wawili. Mchana ni rahisi kwao kuliko jioni. Tena kama ndiye anayepika mbege au kuuza ili alishe nyumba, asiambiwe "acha kazi" siku ya kwanza. Hilo hulizungumza taratibu na mwenzake aliyepitia.

Mke, mama au dada wa mnywaji ana jamaa zake: umoja wa Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951 na Lois, mke wa huyohuyo Bill Wilson, pamoja na mwenzake. Humo hawafundishwi namna ya kumwachisha mume pombe. Wanazungumza habari zao wenyewe. Kwa intaneti unapatikana. Mke wangu alihudhuria miezi mitatu kabla mimi sijaacha, na alichobadilisha ni kimoja: aliacha kupiga simu kazini kwangu kusema ninaumwa.

Namna ya kukipata

Pa kuanzia kutafuta ni tovuti ya AA, aa.org, na programu yao ya simu iitwayo Meeting Guide. Lakini vikundi vya huku vinazaliwa na kufa bila kuaga. Usipande Coaster kwa kutegemea orodha. Piga kwanza, au tuma ujumbe, uulize: Jumanne hii mpo? Mlango upi? Cha wazi au kilichofungwa? Lugha gani? Ukiona namba haipokelewi siku mbili, uliza kliniki ya afya ya akili, maana wauguzi huwa wanajua nani bado anakutana wapi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye huulizwa. Padri, mchungaji au imamu pia, na huyo unaweza kumwambia ni kwa ajili ya mdogo wako.

Nenda mara tatu kabla hujasema hakifai. Mara ya kwanza utasikiliza viatu vyako tu.

Kama hakuna kilicho karibu, AA inaanzia kwa watu wawili. Chetu kilianza na wawili, kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani, Jumatatu, siku ambayo alikuwa hana wateja.

Yule wa duka la mwezi wa saba, nilimwambia hivi: daktari wiki hii, kwa sababu alikuwa anazimua. Baada ya hapo kikundi cha jirani Jumatatu, simu siku nyingine saa kumi na moja kamili akiwa bado ndani ya duka, mlango umefungwa nusu. Arusha aende Jumamosi moja ya mwezi, mchana, siku anayofuata mali. Maombi aendelee nayo kama zamani, kipaza sauti asiguse. Wiki ya kwanza hakupiga. Ya pili alituma ujumbe wa maneno matatu: "Nimefunga. Naingia."